Fimbo haimfundishi mtoto kuzungumza na watu

Basi la Arusha halijasimama sawasawa stendi ya Mombo, vijana wa biashara wameshafika madirishani. Huyu ameinua beseni la peasi na plamu zilizoshuka Lushoto alfajiri, yule ana maji ya baridi, mwingine mayai ya kuchemsha na chumvi ndani ya kipande cha gazeti. Dakika walizonazo ni chache. Ndani ya dakika hizo kijana anatakiwa amsome abiria asiyemjua: huyu ana njaa, huyu anatania tu, huyu ukimwita shangazi na kumpunguzia mia mbili atafungua pochi, yule ameshakasirika, achana naye. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na hapa Mombo ndiyo yanayolipia unga wa jioni.

Katikati ya pilikapilika hizo nimekuwa nikiwaona wasioweza. Kijana anayerudia sentensi ile ile kwa abiria aliyekwisha kununua, mpaka anatukanwa. Msichana wa mgahawani anayeulizwa na mteja aliyechoka kusubiri, "Hii chai mmeifuata Lushoto?", naye anajibu kwa dhati kabisa kwamba majani yalinunuliwa duka la jirani. Mtoto wa miaka sita anayepita mbele ya wazee waliokaa barazani bila shikamoo, bila hata kugeuza shingo, na mama yake nyuma anamfinya bega huku akiwaomba wazee radhi. Hukumu hutolewa papo hapo: ana kiburi, hana adabu, amedekezwa, amechezewa.

Nauweka msimamo wangu mapema. Wengi wa watu hawa hawana kiburi wala pepo. Wana ugumu wa kuwasiliana na wenzao, ugumu unaojulikana kitaalamu na wenye namna ya kusaidiwa. Fimbo, kombe na matusi haviko katika namna hiyo. Na msaada wenyewe hautazifikia kaya za Mombo, Mazinde au Mkumbara kama utaendelea kumsubiri daktari bingwa kutoka Dar es Salaam. Lazima uanzie kliniki ya mtoto, darasa la awali, na ukumbini kwa mama.

Maneno yapo, mazungumzo hayapo

Tukisikia tiba ya usemi, wengi tunafikiria kigugumizi, mdomo sungura, au mzee aliyepinda mdomo baada ya kiharusi. Hayo yamo. Lakini kuna tatizo jingine lisiloonekana kwa macho na hivyo halionewi huruma. Mtu anatamka vizuri, ana msamiati, pengine anasoma gazeti zima kwa sauti, lakini kuyatumia maneno hayo pamoja na watu kunamshinda. Hajui wakati wa kuingia kwenye mazungumzo wala wa kunyamaza. Ukiweka fumbo analichukua lilivyo. Ukiudhika haoni mpaka umepiga kelele. Anakuelezea habari za treni ya mizigo kwa nusu saa, hajang'amua kwamba ulishaaga.

Kwa watoto wengi ugumu huu ni sehemu ya usonji, hali ambayo daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 kwa kuwaandika watoto 11 aliowaona huko Baltimore, Marekani. Wapo pia wasio na usonji kamili. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutenga ugumu wa mawasiliano ya kijamii kama hali inayoweza kusimama peke yake, kwa sababu wapo watoto wasiorudiarudia vitendo wala kung'ang'ania ratiba, ila mazungumzo hayawaendei. Na wapo watu wazima waliozungumza vizuri tu mpaka siku walipoanguka na pikipiki. Nitawarudia hao.

Kuzungumza na watu ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wengi wetu tuliimeza tukiwa wadogo bila kuonja ladha yake. Mtoto wa mwaka mmoja anayekuonyesha kuku kwa kidole, kisha akakugeukia kuona kama nawe umemwona kuku, ameshaanza. Hajasema neno, lakini amegundua kwamba mtu mwingine ana macho na mawazo yake. Juu ya hatua hiyo ndogo hujengwa kila kitu kinachofuata: kupokezana zamu, kutania, kuomba, kudanganya kidogo, kufariji mfiwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa mtoto ambaye hatua hiyo haikuja yenyewe, mtu anapaswa kukaa naye amjengee, taratibu, kwa miezi na miaka. Kazi hiyo ndiyo tiba.

Deni la malaria

Kuna sababu ya pekee ya bonde hili kulichukua jambo hili kwa uzito. Wasambaa wa zamani walijenga vijiji vyao juu mlimani na kuiogopa nyika ya huku chini, na homa ilikuwa sehemu ya hofu hiyo. Mombo iko nyikani. Malaria imetuzikisha watoto wengi, na hao tumewalia. Tusiowafikiria sana ni waliopona.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, mtaalamu wa tiba ya lugha Julie Carter na wenzake waliwafuatilia watoto waliougua malaria kali, pamoja na ile iliyopanda kichwani, ile ambayo bibi zetu waliiita degedege. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005. Miaka kadhaa baada ya kutoka hospitali, takribani mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu fulani, na moja ya maeneo yaliyoathirika ni hili hili la kutumia lugha pamoja na watu. Hapa Tanzania utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wenye usonji ulikuta kuwa baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya malaria kali.

Sisemi kwamba kila mtoto asiyeamkia aliugua malaria. Usonji kwa sehemu kubwa mtu huzaliwa nao, na hurithika katika ukoo. Nasema hivi: mama anapokuambia "huyu alikuwa mzima, alibadilika baada ya ile homa", usimkatize kwa kumwambia ni uzushi wa wanawake. Huenda anakupa historia ya ugonjwa iliyo sahihi kuliko iliyoandikwa kwenye daftari lake la hospitali.

Na Korogwe, wilaya yetu, si ngeni katika sayansi. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwezi Oktoba 2021, ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika kwa watoto zaidi ya 15,000, na Korogwe ilikuwa moja ya vituo viwili vya Tanzania, pamoja na Bagamoyo. Akina mama wa wilaya hii waliwabeba watoto wao kwenda kuchomwa sindano ambayo leo inawafaa watoto wa mataifa mengine. Waliweza kuipa dunia kiasi hicho. Je, ni makuu wakiomba mtu wa kukaa na watoto ambao malaria iliwaacha hai lakini ikawaachia ukimya?

Anayelipa ni nani?

Kaya ndiyo inayolipa. Na ndani ya kaya analipa mama.

Hulipa kwanza kwa jina lake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tunasema, na mtoto anapokaa kimya mbele ya wakwe, methali hiyo inamwangukia mama kabla hajafungua mdomo. Watafiti wakiongozwa na Joseph Gona walizungumza na wazazi na wahudumu wa pwani ya Kenya kuhusu chanzo cha usonji, na mwaka 2015 wakachapisha waliyosikia: mapepo, uchawi, laana, na pia malaria na matatizo ya uzazi. Ukiyasoma majibu yale, unaweza kudhani yamekusanywa Mombo. Ndivyo tunavyosema. Na laana inapotajwa kwenye ukoo, mara nyingi huwa imeshapewa mwenyewe, naye ni yule mwanamke aliyeolewa kutoka nje.

Hulipa pili kwa fedha. Mbuzi, kisha kuku wa rangi fulani, kisha nauli ya kwenda kwa mganga aliyesifiwa, kisha maombi ya siku kadhaa mjini. Gunia la mpunga lililokusudiwa ada na sare linaondoka kimyakimya. Sina ugomvi na mtu kumwombea mwanawe, nami ningeomba. Ugomvi wangu ni na wanaouza uhakika wasio nao, na ni pamoja na wauza dawa za mitishamba wa mjini wanaotangaza redioni kwamba usonji "unapona". Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Kilichopo ni mafunzo yanayomwezesha mtoto kuishi na watu, na watu kuishi naye.

Hulipa tatu kwa muda. Mtoto asiyeweza kusema anataka nini hulia, huuma, hukimbia. Mama hawezi kumwachia jirani, kwa hiyo haendi shamba wala gengeni. Wapo wanaofikia kumfunga mtoto kamba mguuni ili waweze kupika. Tukiisikia habari hiyo tunamlaani mama. Ni nani aliyemwonyesha njia nyingine?

Darasani mambo si mepesi zaidi. Mwalimu mwenye wanafunzi lukuki anauliza swali, mtoto anatazama ukutani. Fimbo. Mwalimu anatoa amri kwa mafumbo, "wewe, hapa ni sokoni?", mtoto anajibu kwamba hapana, hapa ni shule. Darasa linacheka, mwalimu anaona amedhihakiwa. Fimbo tena. Ustadhi wa madrasa naye anakutana na mtoto huyo huyo jioni. Baada ya mwaka mmoja mtoto huyo ameshajifunza jambo moja tu kuhusu kuongea na watu, nalo ni kwamba kunauma.

Nina wasiwasi zaidi na wasichana. Mvulana wa namna hii huonekana mtukutu, basi angalau anazungumzwa. Msichana asiyesema, asiyecheza na wenzake, anayekaa pembeni na kutii kila anachoambiwa, tunamsifu. "Binti mpole yule, hana makuu." Kumbe hajui kusoma nia ya mtu. Anapofika miaka kumi na minne, mwanamume akimwambia "njoo nikuonyeshe kitu", yeye huenda kuona kitu.

Wanaosema kwamba zamani watoto hawa walikuwepo na walikua bila wataalamu, wana kweli yao. Walikuwepo. Walichunga mbuzi, walichota maji, walilima mkonge kwa ujira, kijiji kizima kikijua kwamba fulani yuko hivyo. Leo anayechunga mbuzi ana simu. Anapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", naye kwa kuwa ameagizwa kutuma, anatuma. Anasafiri hadi mji asikojulikana, usiku anaulizwa na sungusungu anatoka wapi, anasita, anaangalia chini, anajibu kitu kisichohusiana na swali. Tunajua kelele inayofuata neno "mwizi" katika nchi hii. Ulinzi aliokuwa nao babu yake, wa kujulikana na kila mtu, yeye hana.

Shikamoo ndani ya tiba

Jambo moja wataalamu wetu walitazame kwa makini. Tiba hii ikija kama ilivyofungashwa Ulaya au Marekani, itatupotosha. Chukua suala la kutazamana machoni. Dodoso la M-CHAT, lililotungwa Marekani na kuenea duniani, linamuuliza mzazi kama mtoto wake humtazama machoni anapoongea naye. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, swali hilo lina maana popote, hata hapa. Lakini ukilibeba mpaka kwa mtoto wa miaka minane wa Kizigua au Kisambaa, utamkuta ameinamisha macho mbele ya mjomba wake kwa sababu amelelewa vizuri. Mtaalamu mgeni ataandika kwamba ana tatizo. Na yule mtoto anayemkazia macho mzee bila kupepesa, ambaye kwa kipimo cha kwetu ndiye wa kutiliwa shaka, atapita.

Basi somo litoke humu humu. Tiba ya mawasiliano kwa mtoto wa Mombo ifundishe kumtambua wa kumwamkia shikamoo na wa kumwambia mambo. Ifundishe hodi, na kusubiri karibu kabla ya kuingia. Ifundishe kupokea kwa mikono miwili. Na nyenzo tunazo tangu enzi za mababu. Kitendawili! Tega! Mtoto anajifunza zamu: mimi nimesema, sasa wewe, sasa mimi tena. Paukwa, pakawa. Michezo ya kuimba na kupiga makofi wawili wawili ambayo wasichana hucheza chini ya mwembe inahitaji kumtazama mwenzako na kwenda naye mkono kwa mkono. Mtaalamu wa Kampala au London hutumia saa nzima kumtengenezea mtoto mchezo wa namna hiyo. Sisi tunao, ila tumeuacha televisheni ilipoingia sebuleni.

Na nyumba za huku zina lugha mbili au tatu. Kisambaa kwa bibi, Kiswahili shuleni, pengine Kipare kwa baba. Wazazi wengi huambiwa waache lugha ya nyumbani kwa kuwa "inamchanganya mtoto". Ushauri huo ni mbaya. Lugha mbili hazisababishi usonji wala ugumu huu, na mtoto anayepokonywa Kisambaa anapokonywa mtu pekee mwenye subira na muda wa kuzungumza naye siku nzima, yaani bibi yake.

Mtu mzima aliyebadilika

Nilisema nitawarudia watu wazima. Barabara kuu inapita katikati ya mji wetu, na bodaboda ndiyo ajira ya vijana. Anayepigwa kichwa na kupona huruhusiwa hospitali akiwa anatembea, anakula, anaongea. Ndugu wanachinja mbuzi kwa shukrani. Baada ya miezi mitatu mke anarudi kwao akisema, "Huyu siye niliyeolewa naye." Anaropoka siri za ndani mbele ya wageni. Anaingilia maneno ya watu. Haoni kwamba mtoto wake anamwogopa. Utani wake umegeuka matusi. Vijiweni wanasema amepata pesa ya fidia ikampanda kichwani.

Kilichompanda kichwani ni jeraha. Sehemu za ubongo zinazotusaidia kujizuia, kusoma uso wa mwenzetu na kufuata mtiririko wa mazungumzo huathirika kirahisi ajali inapotikisa kichwa. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo nacho huleta hali inayofanana: mgonjwa ana maneno yake yote, ila anaongea bila kupanda na kushuka kwa sauti, na hashiki mzaha.

Huko Sydney, Australia, mtaalamu wa tiba ya usemi Leanne Togher na wenzake walifanya jambo lililonivutia sana. Walichapisha matokeo yake mwaka 2004. Badala ya kuwafundisha majeruhi wa kichwa, waliwafundisha askari polisi wanaopokea simu zao: namna ya kuuliza, namna ya kungoja, namna ya kumrudisha mtu kwenye hoja bila kumvunjia heshima. Mazungumzo ya majeruhi yakaboreka, ingawa wao hawakupata hata somo moja. Fikra hiyo imekubaliwa pia upande wa usonji. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: mwenye usonji hamwelewi asiye nao, na asiye nao naye hamwelewi mwenye nao, ila lawama huenda upande mmoja tu.

Kwa kaya ya Mombo maana yake ni hii. Mke, kaka, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda na mtendaji wa kijiji wanaweza kufundishwa kabla hata mgonjwa hajaonana na mtaalamu. Sema jambo moja kwa wakati. Acha mafumbo. Mkubaliane ishara, mke akigusa sikio lake mume ajue amepitiliza. Ndoa kadhaa zingesalimika kwa hayo tu.

Tulivyo navyo

Watu wa kazi hii ni wachache mno. Afrika Mashariki ilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008 tu, pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Kwetu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeanza miaka ya hivi karibuni. Wahitimu wakitoka watagawanywa katika nchi ya watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022. Watakwenda hospitali za rufaa kwanza, na ni haki waende. Lini atafika mmoja kituo cha afya cha Mombo? Ngojangoja huumiza matumbo, na miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo miaka ambayo ubongo wake hupokea mafunzo kwa wepesi.

Lakini milima hii ina historia ambayo wilaya nyingi hazina. Lutindi, humu humu Korogwe, palianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwaka 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Ukipanda barabara ya Soni mpaka Lushoto, mwendo wa kilomita zipatazo 30 za kona, pale Irente kuna Shule ya Rainbow ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, ambayo inafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Magamba, mbele kidogo, mwaka 2007 kilianzishwa chuo kikuu kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikaandaa walimu wa elimu maalumu kwa ajili ya nchi nzima. Ukienda upande wa pili, Moshi kuna Kituo cha Gabriella kinachofanya kazi na watoto wenye usonji na wazazi wao. Maarifa haya yanatuzunguka pande zote. Mama wa Chekelei ndiye hayajamfikia.

Njia ya kumfikia imeshachorwa. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua au ulemavu: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Anayeyaendesha si lazima awe daktari. Anaweza kuwa muuguzi, mwalimu au mhudumu wa jamii aliyeandaliwa. Yamejaribiwa Ethiopia na Kenya, kwa watu wa kipato kama chetu. Mzazi anafundishwa kushuka chini alipo mtoto, kufuata anachokipenda mtoto badala ya kumburuza, kunyamaza na kuhesabu moyoni mpaka kumi ili mtoto apate nafasi ya kujibu, kugeuza kuosha vyombo na kuchambua mchele kuwa muda wa kupokezana. Hakuna kifaa cha kuagiza nje.

Na sisi tuna mahali pa kuyapachika. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto mpaka afike miaka 8. Januari 2024 ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Watu hao ndio watakaopita nyumba kwa nyumba, wakiuliza habari za choo, vyandarua na mimba. Ni kosa kuwatuma mlangoni kwa mama bila kuwafundisha kuuliza maswali mawili ya ziada: mtoto wako akiona kitu kinachomfurahisha, hukuonyesha? Ukimwita jina, hugeuka?

Asiyegeuka apimwe masikio kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona linarukwa. Mtoto aliyetoka usaha masikioni mwaka mzima anaweza kuwa hasikii, na tukampa jina la usonji au la ujeuri bure.

Nawasikia wanaouliza kama huu ndio wakati wake, wakati zahanati fulani haina maji na darasa fulani halina madawati. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya ninayoyataja haijengi jengo. Na ni wajibu tuliokwisha kuukubali wenyewe: Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo haikusema haki ianze pale ulemavu unapoonekana kwa macho.

Vikao vya bajeti za halmashauri hukaa miezi ya mwanzo wa mwaka. Wananchi wa Mombo, Mazinde, Mkumbara na Chekelei wanaweza kumpelekea diwani wao ombi lenye mambo matatu. Kwanza, wahudumu wa jamii na walimu wa madarasa ya awali wa kata hizo wafundishwe yale ya vikao 9, na walimu wakuu wapige marufuku fimbo kwa mtoto anayeshindwa kujibu. Pili, afisa ustawi wa jamii na maofisa wa elimu maalumu wawe na orodha ya watoto hawa kwa kijiji, ili anayeanza shule mwakani ajulikane kabla hajafika mlangoni. Tatu, siku moja kila mwezi, chumba kimoja pale kituo cha afya. Halmashauri ifanye makubaliano na walio juu mlimani wenye ujuzi, ilipe nauli na posho, mwalimu ateremke na gari la kwanza la asubuhi na kupanda tena jioni, na akina mama watangaziwe tarehe hiyo msikitini, kanisani na sokoni siku ya gulio.